Kutoka Android kwenda iPhone: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa feza

Ulizo hili linarudi mara na mara katika ujumbe wa wasikilizaji. Mtu iko na Android, ndugu yake wa Amerika ao Ulaya anataka kumtumia iPhone. Akubali, ao aombe feza anunue ingine hapa hapa? Wengine wamekwisha kuona iPhone ku soko, bei inaonekana nzuri, na mwuzaji anawaharakisha. Na wachache wanauliza kinyume: wanataka kuacha iPhone na kurudi Android, lakini wanaogopa kupoteza WhatsApp.

Majibu ambayo mtu anapata barabarani ni ya sifa tu. Hapa sifa tunaziacha pembeni. Kwetu telefone ni sanduku la feza, ni kitabu cha namba za jamaa iliyotawanyika, ni taa ya usiku, na kwa wengi ni redio pia. Mtu akibadilisha vibaya anaweza kupoteza hivi vyote kwa siku moja. Njo maana inafaa kuangalia namna telefone inaishi hapa kwetu, pasipo umeme wa kila siku, na SIM mbili mfukoni, mbele ya kuangalia jina liko mgongoni mwake.

Tuelewane kwanza juu ya majina. iPhone ni ya kampuni moja ya Marekani, Apple, tangu mwaka 2007. Kampuni hiyo inatengeneza telefone na pia mfumo unaoiendesha, unaoitwa iOS. Android ni mfumo wa Google, telefone yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008, na makampuni mengi wanautumia: Samsung, Xiaomi, Tecno, Itel, Infinix. (Tecno, Itel na Infinix ni watoto wa baba mmoja, kampuni ya China yenye jina Transsion. Wale wenye kubishana ipi ni bora kati yao wajue hivyo.) Ni kusema, ukitoka Tecno ukaenda Samsung, haujabadilisha mfumo, unaingiza konti yako ya Google na vitu vingi vinakufuata. Lakini ukitoka Android kwenda iPhone umehama nyumba. Mlango ni mwingine, funguo ni zingine, na vyombo vingine havipiti mlangoni.

SIM mbili, na ile isiyoshikwa kwa mkono

Tuanze na SIM, kwa sababu ni hapa watu wetu wanaumia zaidi. Wengi wanatembea na mbili ao tatu: moja ya Vodacom juu ya M-Pesa, ingine ya Airtel ao ya Orange juu njo rezo inayoshika kijijini kwao. Wenye kuishi karibu na mpaka, Goma, Bukavu ao Uvira, wanaongeza ya Rwanda ao ya Burundi. Telefone nyingi za Android zinazouzwa kwetu ziko na fasi mbili za SIM. Mtu haitaji kufikiri.

iPhone si vile. Mpaka iPhone X ya 2017, kuna fasi ya SIM moja tu, basi. Kuanzia iPhone XS na XR za 2018 kuna fasi moja ya SIM ya kawaida, na namba ya pili inapita kwa eSIM, ni kusema SIM isiyoshikwa kwa mkono, rezo inaiandika ndani ya telefone. Baadhi ya iPhone zilizotengenezwa kwa soko la China na Hong Kong zinapokea SIM mbili za kawaida. Ukivuta kile kisahani kidogo cha pembeni unaona pande mbili, juu na chini. Kama unaipata, ni bahati.

Sasa sikiliza hii vizuri, wewe mwenye kungojea zawadi. Kuanzia iPhone 14, ya mwaka 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina fasi ya SIM hata kidogo. Ni eSIM peke yake. Telefone inafika, nzuri, inang'aa, unazunguka pande zote kutafuta fasi ya kuingiza SIM yako na hauioni. Mbele ndugu yako hajalipa, pita kwenye ofisi ya rezo yako katika mji wako na uulize maulizo mawili: munatoa eSIM hapa hapa? Na munaweza kuiweka kwa namba yangu ya zamani? Jibu linalotoka Kinshasa ao kwenye tangazo halitoshi, uliza ofisi ambayo utaifikia kwa miguu. Kama jibu ni hapana, ile telefone itakuwa kwako kamera yenye WiFi.

Na hata kama jibu ni ndiyo, fikiri tena kidogo. SIM ya kawaida, telefone ikizimika ao ikivunjika kioo, unaitoa, unaiingiza katika telefone ya jirani, unatoa feza yako, unaita watu wako, kisha unarudisha telefone ya watu. eSIM haitoki. Telefone ikikufa, namba inabaki imefungwa ndani yake mpaka ufike ofisi ya rezo na karata yako. Kwa mtu wa Bukavu katikati, si shida kubwa. Kwa mtu aliyekimbia na familia usiku, ao mwenye kuishi siku mbili mbali na ofisi, ni shida kubwa sana. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wengi wanaishi na feza iliyo ndani ya SIM. Hatusemi eSIM ni mbaya. Tunasema namba yenye feza yako ya kila siku ikae katika SIM unayoweza kuitoa kwa mkono, na eSIM ichukue namba ya pili.

Kuna moja ya kutuliza roho: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafuata SIM na namba yako ya siri, hazifuati telefone. Ile njia ya kuandika nyota na namba inafanya kazi kwenye iPhone sawa na kwenye Android, sawa na kwenye telefone ndogo ya vidonge.

Jambo lingine la SIM ni ukubwa. iPhone zote tangu ile ya 5 zinataka SIM ndogo kabisa. Wenye SIM kubwa za zamani wanazikata na makasi pale barabarani; ikikatwa vibaya imekufa. Hapo njo mtu anagundua kwamba SIM yake iliandikishwa zamani kwa jina la kijana aliyemuuzia, na ofisi inakataa kumpa ingine. Usikate. Enda ofisini na karata yako, uliza namba iko kwa jina la nani, na kama si jina lako, panga hiyo kwanza. Mambo ya iPhone yatakuja kisha.

Umeme, na redio

Wenye kuishi na umeme wa saa chache, ao wenye kulipa kibanda cha kuchajisha kila siku mbili, waangalie batri. Batri ya iPhone 7 ni ya 1960 mAh, ya iPhone 8 ni 1821, ya XR ni 2942, ya iPhone 11 ni 3110. Telefone nyingi za Tecno, Itel na Infinix za miaka hii ziko na 5000. Ni kweli kwamba iPhone inakula umeme kwa akiba, na hizi namba hazisemi yote. Lakini iPhone inayofika kwetu ni ile mtu mwingine ametumia miaka mitatu, mine, na batri imechoka.

Fungua "Réglages", kisha "Batterie", kisha "État de la batterie". Utaona asilimia. Ikiwa chini ya 80, hata Apple wenyewe wanashauri kubadilisha batri, kwa hiyo ongeza bei ya batri na ya fundi juu ya bei uliyoambiwa. Na usiamini hiyo namba pekee. Kuna mafundi wanaojua kuipandisha. Cheza video nusu saa mbele ya mwuzaji, uone asilimia ngapi zimeshuka, na kama telefone imekuwa moto mkononi. Mwuzaji anayekataa kungoja nusu saa amekwisha kukujibu.

Waya pia. Mpaka iPhone 14, iPhone iko na waya yake peke yake. Kuanzia iPhone 15, ya 2023, inachukua waya sawa na Android za sasa. Ukienda kuchaji kwa jirani ao kibandani na iPhone ya zamani, beba waya yako.

Hapa mutusamehe, tunaongea kama watu wa redio. iPhone haina redio FM. Android nyingi za bei ya chini ziko nayo: unaingiza ekuta za masikio, waya wake unakuwa antena, na unasikiliza bila mega hata moja. (Si zote, Samsung zingine hazina, uliza.) Kwenye iPhone, kusikiliza redio ni kupitia intaneti, na intaneti inalipwa, tena inaweza kukatwa. Mwisho wa Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi karibu majuma matatu. Mwenye telefone ya FM hakuhitaji rezo yoyote ili kusikia redio ya mji wake. Kama unachagua iPhone, nunua pia redio ndogo ya batri. Bei yake ni ndogo na siku mbaya inasaidia kuliko yote mawili.

Kuna mazoea mengine yatakayobadilika. Kupeana nyimbo na picha kwa Bluetooth kati ya Android na iPhone hakuendi. Xender iko kwa pande zote mbili lakini kwenye iPhone ni ya kubembeleza. Karata ya memware, ile ndogo yenye nyimbo na filamu, haina fasi ndani ya iPhone. Nafasi unayonunua siku ya kwanza, kama ni giga 64, njo nafasi utakayokufa nayo. Na zile programu ambazo kijana wa mtaa anakupitishia toka telefone yake bila mega, kwenye iPhone haziingii. Kila programu inatoka App Store, kwa mega zako mwenyewe.

Kile iPhone inatoa kweli

Tusiitukane. Mtu mwenye kuishi na picha, yule anayefilmu ndoa, mwanamuziki anayetengeneza klipu, mwandishi wa habari wa video, anapata katika iPhone ya miaka mitano kamera ambayo Android mpya ya bei hiyo hiyo mara nyingi haiifikii. Ukitaka kuiuza kisha miaka miwili, bado inarudisha feza kidogo. Itel ya miaka miwili unampa mtoto.

Na kuna jambo ambalo watu hawalioni: iPhone inaendelea kupokea mfumo mpya miaka mingi. iPhone 6s ilitoka 2015 na ilipokea iOS 15 mwaka 2021. XR ya 2018 ilipokea iOS 18 mwaka 2024. Android za bei ya chini mara nyingi zinapokea mfumo mpya mara moja, ao hapana kabisa, na hapo matobo ambayo wezi wa intaneti wanapitia yanabaki wazi. (Samsung na Google wanaahidi sasa miaka saba kwa telefone zao kubwa, kama Galaxy S24 na Pixel 8, lakini hizo si bei ya watu wengi.)

Ila miaka mingi nayo iko na mwisho. Tangu Mei 2025 WhatsApp inaomba iOS 15.1 ao zaidi, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus haziwezi kufika pale. Ukiona iPhone 6 inauzwa bei ya kuchekesha, njo sababu. Upande wa Android, mfumo wa chini ya 5.0 nao umeachwa nyuma.

Mawazo yetu, tunayasema wazi: mama mwenye kuuza samaki kwa M-Pesa, motari, mwalimu wa kijijini, wabaki na Android, na ile feza ya ziada wainunulie telefone yenye memware kubwa kidogo. iPhone ni ya yule ambaye kamera inamlisha, ao yule anayeishi fasi yenye umeme na rezo nzuri. Na hata huyo, si iPhone yoyote.

Mbele ya mwuzaji

Kwanza hakikisha ni iPhone. Kuna telefone zinazofanana nayo kabisa nje, na ndani ni Android. Fungua App Store: ikikupeleka kwenye Play Store, rudisha, sema asante, enda zako.

Kisha njo mtego mkubwa: konti ya mwenyewe wa zamani. Tangu 2013 iPhone inaweza kufungwa na konti ya Apple ya mtu aliyeinunua, na hakuna fundi wa kweli anayeifungua bila neno la siri la yule mtu. Iliyoibiwa inabaki imefungwa. Wengine wanauza telefone iliyo wazi lakini konti yao imebaki ndani. Kisha majuma wanaifunga wakiwa mbali na kukuomba feza. Usikubali maneno kama "tumia konti yangu, hakuna shida". Mwambie mwuzaji, mbele yako, aingie "Réglages", aguse jina lililo juu, atoke kwa "Déconnexion", kisha afute vyote kwa "Effacer contenu et réglages". Telefone itazimika na kuwaka upya. Shika mega zako kidogo, iunganishe, ufuate hatua mpaka mwisho. Ikiuliza konti ya mtu usiyemjua, imefungwa. Ikifika kwenye kuanza bila kuuliza mtu, sawa. Ni kisha hii tu feza inatoka mfukoni.

Angalia pia kama imefungwa kwa rezo ya ng'ambo. Ingia "Réglages", "Général", "Informations", tafuta "Verrouillage opérateur". Inapaswa kuandika "Aucune restriction de SIM". Weka SIM yako na uite mtu, usitosheke na kuona alama za rezo. Huko huko kwenye "Informations", iPhone za karibuni zenye mfumo 15.2 ao zaidi zinaonyesha kama batri ao kioo kimebadilishwa. Ukiona "Pièce inconnue", si lazima ukatae, lakini bei ishuke. Kwenye zile zenye kifungo cha chini, jaribu alama ya kidole: kifungo kikibadilishwa na fundi, kidole hakifanyi kazi tena, daima.

Andika *#06# uone namba ya IMEI na ulinganishe na ile ya "Informations" na ya kisanduku kama kiko. Watu wengine bado wanaogopa kuandika hiyo juu ya ile malipo ya RAM iliyokuwa inakula unite zetu. RAM ilifutwa mwaka 2022, andikeni bila woga.

Kwa zawadi toka Amerika, haya yote umwombe ndugu yako ayafanye kule, na akutumie picha ya ukurasa wa "Informations". Ongeza ulizo moja, hata kama linaleta haya kidogo: telefone imelipwa yote? Kule wengi wanalipa kila mwezi kwa rezo, na rezo haifungui telefone mpaka deni liishe. Dada ao mjomba wako hana nia mbaya, hajui tu kwamba itafika Uvira ikakataa SIM ya Airtel. Ikiwa haijaisha kulipwa, ao haina fasi ya SIM na rezo yako haitoi eSIM, omba kwa heshima akutumie feza, ao Android.

Konti ni ya nani?

Hili linawagusa wa pande zote mbili. Watu wengi kwetu hawajui konti ya Google iliyo ndani ya telefone yao. Kijana wa butiki aliiunda siku ya kununua, akaweka neno la siri analolijua yeye, na mama akarudi nyumbani anaongea. Siku telefone inafutwa, inauliza konti, na butiki imefungwa ao kijana amehama. Na aliyeunda konti anaweza, akitaka, kuona picha na namba zako.

Mbele ya kuhama, ingia kwenye "Paramètres", sehemu ya "Comptes", uone jina liko pale. Kama si lako, unda lako, kwa namba yako mwenyewe kama njia ya kurudishia. Andika konti na neno la siri kwenye karatasi na ufiche karatasi nyumbani na vyeti vingine. Ukinunua iPhone, konti ya Apple uiunde wewe, na kama unasaidiwa, wewe njo uandike neno la siri na msaidizi aangalie upande mwingine.

Kuhama bila kupoteza watu

Anza na namba za watu. Zinaweza kuwa zimekaa fasi tatu: ndani ya SIM, ndani ya telefone, ao ndani ya konti ya Google. Zile za SIM ni jina fupi na namba, na SIM inajaa haraka, kwa kawaida karibu 250. Peleka zote kwenye Google ukiwa bado na Android. Programu ya Contacts iko na njia ya kuingiza za SIM. Kwenye iPhone utaongeza konti yako ya Google na zitateremka. iPhone inaweza kusoma namba zilizo kwenye SIM ("Importer les contacts SIM", ndani ya mipangilio ya Contacts), lakini yenyewe haiandiki namba kwenye SIM. Ni kusema, kuanzia siku hiyo ukitoa SIM na kuiweka kwa telefone ya jirani, namba mpya hazitakuwa ndani. Andika kumi za lazima kwenye karatasi. Familia ambazo watoto wao walipotezana barabarani wanajua bei ya karatasi kama hiyo.

Kisha WhatsApp. Akiba ya Android inakaa kwa Google, akiba ya iPhone inakaa kwa iCloud ya Apple, na hizi nyumba mbili hazisemezani. (Google inatoa bure giga 15, Apple giga 5.) Njia ya kweli iko tangu 2022: programu ya Apple yenye jina "Migrer vers iOS", unaiweka kwenye Android. Masharti ni haya: iPhone iwe mpya ao imefutwa yote, namba iwe ile ile, telefone zote mbili ziwe kwenye umeme na kwenye WiFi moja. Watu wanakosea hapa: wanaanza kutumia iPhone, wanaweka WhatsApp, kisha juma moja njo wanakumbuka mazungumzo ya zamani. Hapo itabidi kufuta iPhone upya. Chagua siku yenye umeme wa hakika, maana kazi ikikatika katikati unarudia mwanzo. Na kode ya WhatsApp itakuja kwa SMS, SIM iwe hai. Hiyo kode haipewi mtu, hata yule anayekusaidia, aigeukie dirisha.

Wenye GB WhatsApp, hamtapenda hii. Ile si WhatsApp ya kweli, mazungumzo yake hayapiti kwa njia hii, na namba yako inaweza kufungiwa siku yoyote. Yale ya muhimu yatoe moja moja kwa "Exporter discussion", uyatume kwa email yako. Utayasoma tu, hayatarudi ndani ya WhatsApp.

Sauti za watu waliofariki, na picha za nyumba ambayo haiko tena, usiziache zifuate zenyewe. Ndani ya Android, WhatsApp inaweka sauti katika folda yenye jina "WhatsApp Voice Notes". Mwombe mtu mwenye ordinatere azikopi, ao uzikopi kwenye karata ya memware uiweke pembeni. "Migrer vers iOS" inachukua namba, SMS, picha na video za kamera, na mazungumzo ya WhatsApp. Nyimbo na hati za PDF unazihamisha mwenyewe.

Siku ya kwanza kwenye iPhone, washa "Mode données réduites" ndani ya sehemu ya "Données cellulaires", na zima picha zisipande iCloud kwa mega. Bila hiyo, forfait ya mwezi inaweza kwisha ukiwa umelala.

Wanaorudi toka iPhone kwenda Android, kwa WhatsApp mutahitaji waya ya kuunganisha telefone mbili, na Android iwe mpya ao imefutwa. Samsung njo ilianza kukubali, 2021. Mbele ya kutoa SIM kwenye iPhone, zima iMessage katika mipangilio ya Messages, sivyo SMS za marafiki wenye iPhone zitaendelea kupotea hewani.

Telefone ya zamani ibaki nyumbani majuma mawili, bila kufutwa. Utakumbuka kitu. Kisha, mbele ya kumpa mdogo wako ao kuiuza, toa konti ya Google ndani ya "Comptes" kwanza, ndipo ufute yote. Ukifuta bila kutoa konti, Android tangu ile ya 5.1 itamuuliza konti yako, na atarudi kukubisha hodi saa moja ya asubuhi. Toa SIM. Toa na karata ya memware.